Binti Yangu Anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, Nami Sipokei

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.

Ninaandika kutoka Nakuru kuhusu jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu Kwaresima ilipoanza. Nimeona afadhali nikuandikie wewe, kwa sababu nikilizungumza katika jumuiya yetu litakuwa limemfikia kila mtu kabla sijarudi nyumbani.

Nilizaliwa katika familia ya Kikatoliki karibu na Mukumu, kaunti ya Kakamega, na huko ndiko nilikobatizwa, nikapokea Komunyo ya Kwanza na baadaye Kipaimara. Mume wangu anatoka upande wa Kaimosi, na ukoo wao ni wa Kanisa la Marafiki, ambalo wengi hulijua kwa jina la Quaker. Tulikutana hapa mjini sote tukitafuta kazi. Tulipoamua kuoana, wazee wa kwao waliomba harusi ifanyike katika kanisa lao, na wazazi wangu, ingawa hawakufurahia, hawakukataa. Mchungaji wao alitufungisha ndoa, tukapewa cheti, na tumeishi kwa amani mpaka leo. Hata hivyo, sikuwa nimemwarifu paroko wangu wala kuomba ruhusa yoyote, na nilipokwenda kumuuliza katekista baadaye, nilielezwa kwamba siwezi kupokea Komunyo mpaka ndoa yetu irekebishwe. Mume wangu aliposikia hayo alisema kwamba yeye ameshaoa, hawezi kumwoa mara ya pili mke aliye naye nyumbani. Jambo hilo tukaliacha hapo. Kila Jumapili ninakwenda Misa, na wakati wa Komunyo ninasogeza magoti ili wenzangu wapite, kisha ninabaki kwenye benchi.

Watoto wetu watatu wamebatizwa katika Kanisa Katoliki, na baba yao hakupinga. Kifungua mimba wetu ni msichana wa miaka 10 ambaye amehudhuria mafundisho kila Jumamosi kwa miaka miwili, na katekista ameniambia kwamba yuko tayari. Kundi lao litapokea Komunyo ya Kwanza Jumapili ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.

Mavyaa wangu amekuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu. Jioni moja aliwakuta watoto sebuleni wakifanya mazoezi: binti yangu amekata mkate wa dukani vipande vyembamba, amepanga mikono, wa kushoto juu ya wa kulia, na mdogo wake aliyejifunga leso mabegani anamwambia "Mwili wa Kristo," naye anaitikia "Amina." Mama hakuwakemea. Aliniuliza tu, kwa upole, kwa nini mtoto afundishwe kwamba Yesu anakuja kwa unga wa ngano, wakati Biblia inasema, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu." Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo mume wangu naye amebadilika. Kwanza alisema mtoto angoje mpaka afikishe miaka 18 aamue mwenyewe. Nilipolia, alilegeza msimamo na kusema kwamba atakubali, lakini siku hiyo atakwenda mbele naye apokee pamoja na binti yake, kwa kuwa ni aibu baba kukaa nyuma kama mgeni wakati mtoto wake anahudumiwa.

Juu ya hayo, mama mmoja wa jumuiya yetu amenieleza kwamba jina la binti yangu litaondolewa kwenye orodha kwa sababu wazazi wake hawajafunga ndoa kanisani. Dada yangu naye anataka tukodi hema na viti, na tushone gauni lenye mkia kama la bibi harusi, jambo ambalo mfuko wetu hauwezi. Mtoto mwenyewe hafikirii gauni. Anaogopa maungamo ya kwanza hata analia usiku, akidhani kwamba padre atanieleza dhambi zake. Na wiki iliyopita nilipokuwa nikimsuka nywele aliniuliza, "Mama, siku hiyo tutapokea pamoja, sivyo?" Nilimwambia nitamjibu baadaye, na sijamjibu mpaka sasa.

Nisaidie, Mwalimu. Je, nimwache mtoto aendelee, au tungoje mpaka nyumba yetu ikubaliane?

Mama wa Watatu, Nakuru

*

Milele na milele, amina, Mama mpendwa.

Mwache mtoto aendelee. Ninalitanguliza jibu hilo kwa sababu nisingependa usome barua yote hii ukiwa na hofu juu ya jambo ambalo halina shaka. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 912, inasema kwamba kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria anaweza, na tena anapaswa, kukubaliwa kuipokea Komunyo Takatifu. Kanuni inayofuata inataja yale yanayotakiwa kwa mtoto: awe na maarifa ya kutosha na maandalizi ya makini, ili alielewe fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wake na aupokee Mwili wa Bwana kwa imani na ibada. Kanuni ya 914 inaongeza kwamba wazazi na paroko wana wajibu wa kuhakikisha watoto waliofikia umri wa kutambua wanaandaliwa na kulishwa chakula hiki mapema iwezekanavyo, baada ya kuungama. Hakuna mahali popote katika kanuni hizo panaposema kwamba ndoa ya wazazi ndiyo kipimo cha mtoto.

Kwa hiyo yule mama wa jumuiya amekupa habari isiyo sahihi, ingawa huenda alikuwa na nia njema. Nenda kwa paroko wewe mwenyewe, umuulize waziwazi kama jina la binti yako lipo, na usikubali jambo zito kama hili liamuliwe kwa maneno ya njiani. Ninasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimewafundisha watoto wengi, na nimeona jinsi mtoto anavyoumia anapofanywa alipe deni la wazazi wake mbele ya wenzake. Ni dhuluma, na Kanisa halijaiagiza.

Hoja ya mume wako kwamba mtoto angoje akomae haistahili kupuuzwa, kwa maana hata Wakatoliki wenyewe waliibishania kwa muda mrefu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikwisha kusema kwamba waamini waliofikia umri wa kutambua waungame na kupokea Ekaristi, yaani Komunyo, walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, lakini katika nchi nyingi desturi ilikuja kuwachelewesha watoto mpaka wafike miaka 12, 14 na hata zaidi, kwa kudhani kwamba lazima kwanza waielewe imani kama watu wazima. Papa Pius wa 10 ndiye aliyeikata desturi hiyo kwa waraka uliotolewa tarehe 8 Agosti 1910, akiweka umri wa kuanza kutambua kuwa takriban miaka saba. Alichodai ni kwamba mtoto ajue, kwa kiasi chake, mafumbo ya lazima ya imani, na aweze kutofautisha mkate huu na mkate wa kawaida. Mtoto aliye katika hatari ya kufa hudaiwa machache zaidi: atambue kwamba huu ni Mwili wa Kristo, aupokee kwa heshima. Ukitafakari utaona kwamba Kanisa halikushusha heshima ya Ekaristi lilipofanya hivyo. Lilikiri kwamba neema haingoji akili ikamilike, na kwamba mtu mzima ambaye angedai kuielewa Ekaristi yote angekuwa anajidanganya.

Lakini usimpelekee mume wako tarehe na kanuni peke yake. Mwombe aketi na binti yake jioni moja, bila wewe kuwapo chumbani, amuulize anakwenda kupokea nini na kwa nini anataka. Mtoto aliyefundishwa miaka miwili atakuwa na neno la kumwambia baba yake, na baba atalisikia kutoka kwa yule anayehusika. Ninaamini mazungumzo hayo yatafanya kazi ambayo hoja zako na zangu haziwezi kuifanya.

Sasa nizungumze kuhusu mavyaa wako, kwa kuwa swali lake ndilo lenye uzito kuliko yote uliyoniandikia. Anatoka Kaimosi, mahali ambapo wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani waliweka kituo chao mwaka 1902, miaka michache tu kabla ya misheni ya Mukumu uliyokulia, na kutokana na mwanzo huo Kenya ikawa mojawapo ya nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani. Imani hiyo tangu ilipoanza Uingereza katika karne ya 17 inashika kwamba Mungu humfikia kila mtu moja kwa moja, ndani ya moyo, na kwamba ubatizo wa kweli na ushirika wa kweli ni wa rohoni. Kwa sababu hiyo hawabatizi kwa maji wala hawana meza ya Bwana yenye mkate na divai. Hata kama ibada zao huko Vihiga, kaunti iliyo na Kaimosi, leo zina nyimbo, mahubiri na wachungaji, msimamo huo wameurithi. Kwa hiyo mama huyo hakukudharau. Aliuliza swali ambalo mtu wa imani yake, akiwa mwaminifu, hawezi kukosa kuliuliza, na aliliuliza kwa upole.

Mstari aliokutajia ni wa Injili ya Yohana, sura ya 6, aya ya 63. Unaweza kumwomba msome sura hiyo pamoja tangu juu, kwa maana katika aya ya 51 Yesu anasema, "Na chakula nitakachotoa mimi ni mwili wangu, kwa ajili ya uzima wa ulimwengu," na wasikilizaji wakashindana wao kwa wao, na wengi wa wanafunzi wake wakarudi nyuma, wasiandamane naye tena. Yesu hakuwaita akawaambia kwamba walimwelewa vibaya. Sisi Wakatoliki tunasoma aya ya 63 kwa mwanga huo: anayeutia uzima Mwili tunaopokea ni Roho, na pasipo Roho huyo mwili wowote haufai kitu, kwa hiyo kati ya Roho na Ekaristi hatuoni ugomvi. Katika Misa yenyewe padre hunyosha mikono juu ya vipaji na kumwomba Baba amtume Roho Mtakatifu avitakase, kabla ya kutamka maneno ya Bwana. Mweleze hivyo, halafu unyamaze. Huna kazi ya kumshinda mama wa mume wako kwa hoja. Ukimshinda leo, nyumba yako italipa kesho.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ninatamani ulifanye. Baada ya Komunyo, Kanisa linataka pawe na muda wa ukimya, ambapo kila mmoja anazungumza na Bwana aliyempokea. Watoto wetu wengi hawajui cha kufanya katika dakika hizo. Wanaangalia viatu vya wenzao, wanatafuta kamera ya mjomba, na mara kwaya inaanza wimbo mwingine kana kwamba ukimya ni aibu. Mavyaa wako anatoka katika kanisa ambalo mababa zake wa imani walikaa mbele za Mungu bila kutamka neno. Mwombe amfundishe mjukuu wake kutulia, kufumba macho na kumngoja Mungu ndani ya moyo. Kila mmoja ana imani yake kuhusu kile ambacho mtoto amekipokea, lakini ukimya huo wanaweza kuushiriki, na bibi huyo atakuwa na sehemu yake halisi katika siku ile badala ya kuwa mpinzani aliyeshindwa. Na usimkataze binti yako ule mchezo wa mkate wa dukani, maana hauna kufuru yoyote ndani yake. Mtoto hujifunza jambo kubwa kwa kulicheza kwanza.

Kuhusu mume wako kutaka kupokea pamoja na binti yake, jibu ni kwamba haiwezekani, na ni lazima aelezwe mapema, nyumbani, na mtu anayempenda, asije akaelezwa na mhudumu wa Komunyo mbele ya umati. Ubatizo wa maji ndio mlango wa sakramenti nyingine zote, naye, kwa mujibu wa mapokeo ya kanisa lake, hakubatizwa kwa maji. Kumpa Ekaristi asiyeiamini kuwa Mwili wa Kristo kungekuwa kumtaka aseme "Amina" kwa neno ambalo moyo wake haulikubali, na mtu mkweli hapaswi kuwekwa katika hali hiyo. Ila ninaiona nia yake, nayo ni njema sana: hataki mtoto wake aende peke yake. Basi mwulize paroko kama baba anaweza kumsindikiza binti yake katika mstari na kupokea baraka akiwa amekunja mikono kifuani, kama inavyofanyika katika parokia nyingi. Kama watoto watashika mishumaa, yeye ndiye amwashie wa kwake. Akae benchi la mbele pamoja na familia, avae suti yake, apigwe picha na binti yake baada ya Misa. Hakuna aibu yoyote katika hayo.

Hofu ya mtoto juu ya maungamo unaweza kuimaliza usiku huu huu. Mwambie kwamba padre hawezi kukueleza dhambi zake, hata ungemwomba, hata ungemlilia, hata mahakama ingemwamuru. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, na padre anayeivunja moja kwa moja hutengwa na Kanisa papo hapo kwa kosa hilo. Usimsaidie kuandika orodha ya dhambi kwenye daftari ambalo wadogo zake watalisoma, wala usimuulize baadaye alisema nini na alipewa malipizi gani, kwa kuwa ukiuliza utakuwa umemthibitishia kwamba siri hiyo si siri. Mfundishe tu kuutazama moyo wake: je, nimewapenda wazazi, nimesema kweli, nimemdhulumu mwenzangu darasani, nimesahau kusali? Mwambie pia kwamba akisahau maneno ya sala ya kutubu, padre atamwongoza polepole.

Gauni na hema havihitaji maneno mengi. Gauni jeupe safi linalomfunika vizuri linatosha, na la kuazima kwa binamu aliyepokea mwaka jana linatosha vilevile. Weupe huo ni ukumbusho wa ubatizo, wala hauhusiani na bibi harusi. Pikeni chakula cha nyumbani, mle na jamaa waliopo. Dada yako akisisitiza, mwambie fedha za hema azitumie kumnunulia mtoto rozari na Biblia, na nauli ya kuwaleta wazazi wako kutoka Mukumu. Asubuhi ya siku yenyewe mpe mtoto uji mapema, kwa maana anatakiwa kufunga chakula na vinywaji saa moja tu kabla ya Komunyo, na maji au dawa haviharibu mfungo huo. Ninalitaja hilo kwa sababu bado kuna wazazi wanaowashindisha watoto njaa tangu usiku, kwa kufuata sheria iliyokwisha kubadilishwa zamani, na mtoto akaanguka kanisani kwa kizunguzungu.

Nimeliacha swali lako wewe mwenyewe mpaka sasa, ingawa hukuliuliza waziwazi. Umeuliza kuhusu mtoto, lakini mstari uliouandika kuhusu magoti yanayosogezwa ili wengine wapite umenigusa kuliko yote.

Ndoa yenu ni halali mbele ya serikali, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kikristo zilizofungwa na wachungaji wenye idhini. Mbele ya Kanisa Katoliki zilipungua hatua mbili. Wewe, kwa kuwa ni Mkatoliki, ulipaswa kufunga ndoa mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili, au upate kibali cha askofu cha kufungia mahali pengine. Na kwa kuwa mume wako hakubatizwa kwa maji, kulihitajika kibali kingine cha askofu kinachomruhusu Mkatoliki kuoana na asiyebatizwa. Vibali vyote viwili hutolewa, na hutolewa mara nyingi. Havikuombwa, basi. Kama hakuna kati yenu aliyewahi kufunga ndoa na mtu mwingine kabla, jambo lenu lina njia, na njia hiyo ni fupi kuliko unavyodhani.

Ya kawaida ni ninyi wawili kurudia ridhaa yenu mbele ya padre na mashahidi wawili, baada ya kibali kupatikana. Inaweza kufanyika ofisini au katika kikanisa kidogo siku ya kazi, bila keki, bila kadi za mwaliko, bila mtu wa jumuiya kujua. Lakini mume wako amesema hawezi kumwoa mara ya pili mke aliye naye, na mimi ninaielewa heshima anayoilinda: alitoa neno lake mbele ya Mungu na mbele ya wazee wake, na hataki liitwe si kitu. Kwa mtu wa namna hiyo Kanisa lina njia nyingine, iliyoelezwa katika kanuni ya 1161 na zinazofuata, ambapo askofu, mradi ridhaa yenu nyote wawili inaendelea, huitambua ndoa na kuithibitisha bila ninyi kurudia viapo, na athari zake huhesabiwa tangu siku ile mlipoitoa ridhaa hiyo. Kwa maneno mengine, neno alilolitoa Kaimosi ndilo linalotambuliwa. Mweleze hilo polepole, kisha umuulize paroko kama njia hiyo inawafaa.

Huenda mume wako, au mama yake, anaogopa kwamba akiingia ofisini kwa padre atalazimishwa kuweka sahihi ya kuwa Mkatoliki. Zamani pande zote mbili zilidaiwa ahadi, na wazee wengi wa Magharibi mwa Kenya wanayakumbuka masimulizi hayo. Tangu Papa Paulo wa 6 alipobadilisha sheria hiyo mwaka 1970, anayetoa ahadi ni yule Mkatoliki peke yake: kwamba ataishika imani yake, na kwamba atafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake huarifiwa tu juu ya ahadi hiyo. Nawe umekwisha kuitimiza kwa watoto watatu, kwa hiari ya mume wako, ambaye hata siku moja hakukuzuia. Mshukuru kwa hilo kabla ya kumwomba lolote jingine.

Na binti yako anangoja jibu. Usimwambie uongo kwamba unaumwa, wala usimbebeshe mambo ya watu wazima asiyoyaweza. Mwambie hivi: "Mimi na baba yako tulifunga ndoa nyumbani kwa kina baba, na kuna jambo ambalo sikulikamilisha na Kanisa letu. Sasa ninakwenda kwa padre kulikamilisha. Likimalizika kabla ya sikukuu tutapokea pamoja, na lisipomalizika utapokea wewe, nami nitamwomba Yesu aje moyoni mwangu kwa namna yake mpaka siku yangu ifike." Sala hiyo ya kutamani kumpokea Bwana usipoweza kumpokea katika sakramenti ni ya zamani katika Kanisa, na inakuhusu kila Jumapili ukiwa pale kwenye benchi.

Wiki hii basi, pigia simu ofisi ya parokia ya Mukumu uombe cheti kipya cha ubatizo. Usitumie kile cha zamani kilichoko sandukuni, kwa sababu habari za ndoa huandikwa katika kitabu cha ubatizo, na padre wako atahitaji nakala ya karibuni inayoonyesha kwamba hujafunga ndoa nyingine. Chukua na cheti cha ndoa mlichopewa na Marafiki, utafute watu wawili wanaowafahamu vyema wa kuthibitisha kwamba mlikuwa huru kuoana, kisha mwombe paroko muda wa kuzungumza naye, nje ya foleni ya Jumapili baada ya Misa. Mkaribishe mume wako mwende pamoja, na akisema bado, nenda peke yako mara ya kwanza. Barua ya kwenda kwa askofu inaandikwa na paroko, na majibu huchukua muda, kwa hiyo kila wiki unayoiacha ipite inapunguza nafasi ya kupokea siku moja na binti yako. Ndoa ikisharekebishwa, ungama kwanza, halafu upokee. Kibali kikichelewa, tarehe ya mtoto isisogezwe hata kwa Jumapili moja.